UFUNDI NYUMBANI: Redio Iliyomeza Sidii

Juma lililopita niliahidi kueleza namna ya kubadilisha waya wa pasi ya umeme. Wapenzi wasomaji mtaniwia radhi, ahadi hiyo itangoja, kwani Jumamosi niliitwa kwenda kutazama redio katika nyumba moja ya Sikuda, hapa wilayani Busia upande wa Uganda, na niliyokutana nayo huko nimeona ni heri niyaandike yangali moto.

Mwenye redio ni mama mjane. Redio yenyewe ni zile kubwa za kuwekwa kabatini, yenye spika mbili, mahali pa kaseti mbili, na juu ya kaseti droo ipokeayo sidii tatu kwa mara moja. Droo ilikuwa imefunga na haikutaka kufunguka. Ndani yake zilikuwamo sidii tatu. Mbili kati ya hizo, moja ya kwaya na nyingine ya muziki wa dansi, zaweza kupatikana kwingine. Ya tatu ilirekodiwa mwaka 2008, siku binti yao wa kwanza alipoolewa, na humo imo sauti ya marehemu mumewe akiwaasa maharusi kwa muda wa dakika kumi na moja. Marehemu aliaga dunia mwaka 2015. Nakala nyingine haipo.

“Mwalimu,” aliniambia mama yule, ingawa chaki niliiacha zamani nikaingia ofisini, “redio ikifa na ife. Mimi nataka mzee wangu atoke humo.”

Fundi mmoja alikuwa amekwisha kupita. Aliibonyeza mara mbili, akatikisa kichwa, akasema kwamba jicho la leza limekufa, na kwamba sharti mtambo mzima ubadilishwe kwa shilingi 120,000. Iwapo mama hana, basi yeye yu tayari kuinunua redio kama ilivyo kwa shilingi 30,000 aende akaitoe vipuri. Kwa bahati njema mama alisita. Mjukuu wake naye alikuwa amekwisha kuleta kisu cha jikoni ili aikongoe droo, na kama ningalichelewa saa moja hivi, sijui ningalikuwa na la kuandika.

Tuanze na mtambo wenyewe, maana asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua kimekwama wapi. Wazee watakumbuka gramafoni za miaka ya 1950 na 1960 zilizokuwa na mhimili mrefu katikati, ambapo santuri kadhaa zilitungwa moja juu ya nyingine, kisha zikaanguka moja moja kila wimbo ulipokwisha. Tamaa ya kubadilisha santuri bila mtu kuinuka kitini ni ya tangu wakati huo. Sidii, iliyobuniwa na makampuni ya Philips na Sony, ilipoanza kuuzwa huko Japani mwaka 1982, haukupita muda mrefu watengenezaji wakalirudia wazo lile kwa namna mpya: badala ya mhimili, sinia la plastiki lenye vishimo vitatu au vitano, linalozunguka ndani ya droo.

Mtambo huo una kazi tatu nazo hufuatana. Droo huingia. Sinia huzunguka mpaka sidii itakiwayo ifike mahali pake. Kisha kiunzi kidogo kilichobeba jicho la leza pamoja na mota ya kuzungushia huinuka kutoka chini, kikainyanyua sidii kutoka kishimoni, kikaibana kwenye kibanio chenye sumaku kilichoko juu. Hapo ndipo sidii huweza kuzunguka, kiasi cha mara 500 kwa dakika jicho lianzapo kusoma karibu na katikati, mwendo ukapungua hadi kama mara 200 lifikapo ukingoni. Tukitaka kufungua, mambo huenda kinyumenyume: kiunzi hushuka kwanza, ndipo droo itoke.

Naomba neno hilo “kwanza” lishikwe sana. Droo isiyofunguka aghalabu si droo iliyoharibika, bali ni droo iliyozuiwa na kiunzi ambacho hakijashuka. Mwenye kuivuta kwa kisu wakati kiunzi kingali juu huvunja meno ya giya, na sidii iliyobanwa hapo katikati huikwaruza asipoipasua.

Kazi zote hizo, katika redio nyingi za namna hii, hufanywa na mota mbili ndogo zenye kuvuta mikanda ya mpira ambayo haifikii unene wa njiti ya kiberiti. Kaya nyingi zimeuza redio nzima kwa hasara kwa ajili ya mkanda huo mmoja uliochakaa. Mpira hupoteza mvuto wake kwa joto na kwa miaka, ukalegea, au ukawa mgumu na kung'aa, na katika redio nyingine huyeyuka kabisa ukawa kama lami. Mota huzunguka, mkanda huteleza, kitu hakisogei.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, zimeni mazungumzo nyumbani, mbonyeze kitufe cha kufungulia, na msikilize. Mota ikivuma kwa sekunde chache kisha ikanyamaza bila droo kusogea, mshukuni mkanda. Mkisikia ta-ta-ta-ta, giya inaruka meno, ama kwa kuwa kitu kimekwama ama jino limekatika: zimeni upesi, kwa kuwa kila mlio ni jino linaloliwa. Kimya kabisa na huku taa za mbele zinawaka ni dalili ya mota iliyokufa au ule utepe wa nyaya uliochomoka mahali pake. Sinia linalozunguka na kuzunguka kama mtu aliyesahau alichotumwa lina shida nyingine tena. Chini yake mna kijicho kidogo kinachohesabu vishimo, nacho kimezibwa na vumbi au masizi. Lakini redio ikifungua na kufunga vizuri, ikazungusha sidii, kisha ikaandika kwamba haioni sidii, hapo ndipo tutazame jicho la leza.

Sasa pimeni wenyewe maneno ya yule fundi. Jicho likifa, droo hufunguka bila shida. Aliyesema jicho limekufa hali droo haifunguki, ama hakujua, ama alijua sana.

Redio ya Sikuda ilivuma, ikanyamaza. Niliichomoa kwenye umeme, tukakaa kama dakika kumi, nikairudisha, kwa sababu redio nyingi zikiwashwa upya hujaribu kuurudisha mtambo mahali pake pa kuanzia, na mara nyingine hilo latosha. Halikutosha. Nilibonyeza tena kitufe huku nikiusaidia mlango wa droo kwa ncha za vidole bila kuulazimisha. Bure. Mjukuu alishauri tuipindue tuitikise. La hasha! Sidii ikiponyoka kishimoni na kuangukia ndani, tatizo moja huwa matatu.

Ikabidi tuifungue. Hapa nina neno la tahadhari kwa yeyote atakayejaribu. Ndani ya redio hizi mnaingia umeme wa volti 240, na hata baada ya plagi kuchomolewa, kapasita kubwa karibu na transfoma hubaki na umeme kwa muda. Ichomoeni, mngoje nusu saa, na upande huo wa transfoma msiuguse hata kidogo. Kazi yetu iko upande wa droo. Kamwe redio isiwashwe ikiwa wazi huku mtu amelikodolea macho jicho la leza, maana mwanga wake karibu wote hauonekani na waweza kudhuru macho pasipo mtu kujua. Watoto wakae mbali.

Skrubu za kifuniko ziko nyuma na ubavuni, nazo hazilingani urefu. Niliomba trei tupu ya mayai, nikawa naweka kila skrubu katika tundu lake kwa utaratibu nilioitoa, na mjukuu nikampa kazi ya kupiga picha kwa simu kila hatua. Siku hizi hatuna udhuru wa kusahau kitu kilikaa wapi.

Ndani tulikuta vumbi jekundu la kuweza kupandia mchicha. Barabara zetu tunazijua, na wenye nyumba karibu na machimbo ya dhahabu ya Tiira wanalijua vumbi hilo zaidi. Palikuwa na masizi pia, kwani kabla ya umeme wa jua nyumba ile iliwasha koroboi miaka mingi. Pembeni mwa transfoma, penye joto, tulikuta maganda mawili ya mayai ya mjusi. Huyo hakuwa na hatia.

Vumbi tuliliondoa kwa mswaki mkavu. Kisha nilitafuta giya kubwa nyeupe iliyo mwisho wa mkanda, nikaizungusha kwa kidole polepole. Upande mmoja iligoma mara moja. Msilazimishe ikigoma, geuzeni upande wa pili. Upande wa pili ilikubali, na tukaona kwa macho yetu kiunzi kikishuka kidogo kidogo, kisha kabari ya plastiki ikaachia, na droo ikatoka yenyewe kama sentimita mbili. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akaketi. Nikaivuta droo taratibu.

Ilitoka na sidii mbili. Kishimo cha tatu kilikuwa kitupu.

Nilimulika kwa tochi. Sidii ya arusi ilikuwa inaning'inia juu, imegandamana na kibanio. Aliyeirekodi mwaka ule aliibandika karatasi nzuri yenye picha ya maharusi, kama ilivyokuwa desturi, na gundi ya karatasi ile ilikuwa imelainika kwa joto la miaka mingi. Pembe moja ya karatasi iliinuka, ikashikamana na kibanio. Mkanda uliolegea haukuwa na nguvu ya kuibandua, na ndiyo sababu kila kitu kilisimama. Kwa hiyo mlikuwa na makosa mawili yaliyokutana, na pengine moja peke yake lisingalileta balaa.

Kilichonitia hofu ni hiki. Watu wengi hudhani muziki umeandikwa upande ule unaong'aa, ambao huutunza sana wasiuguse. Sivyo. Sidii ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki safi ambayo mwanga wa leza hupenya kutoka chini. Maandishi yenyewe yako juu kabisa, chini tu ya rangi na karatasi ya jina. Mkwaruzo mdogo wa upande unaong'aa huweza kusuguliwa ukapona. Lakini ukiibandua karatasi ya upande wa juu, huenda ukabandua nayo utando wa fedha uliobeba sauti, na hapo hakuna fundi duniani wa kuurudisha. Mikononi mwangu palikuwa na karatasi iliyogandamana na kibanio, na juu ya karatasi hiyo palikuwa na mtu aliyefariki.

Sikutumia spiriti, kwa kuwa huweza kula ule utando kwenye sidii za kurekodiwa nyumbani. Niliomba uzi wa kushonea, ule wa nailoni usiokatika upesi. Mjukuu aliishikilia sidii kwa ukingo wake, vidole viwili kila upande, nami nikaupitisha uzi kati ya karatasi na kibanio, nikawa nauvuta huku na huku kama mtu akataye sabuni ya mche. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya nusu saa, nyuzi tatu zilikatika, na hakuna aliyesema neno. Sidii iliposhuka, karatasi ilikuwa bado juu yake yote, isipokuwa ile pembe iliyoinuka, na chini ya pembe hiyo utando wa fedha ulikuwa mzima. Pembe iliyokuwa ikipepea tuliikata kwa mkasi wa kucha, iliyobaki hatukuigusa.

Mama aliipokea kwa kanga.

Sasa mkanda. Jumamosi hiyo hatukuwa na mpya, hivyo niliuchemshia maji nikautia kikombeni kwa dakika chache, hila ya mafundi ambayo huurudishia mpira uhai kwa siku kadhaa, pengine majuma mawili, wala si zaidi. Wako watumiao mipira ya kufungia noti, ambayo hukatika upesi, na wako wakatao tyubu ya baiskeli. Tyubu huweza kutoa sidii iliyokwama, lakini unene wake haulingani, huichosha mota. Jumatatu baada ya kazi nilipita mjini Busia nikanunua mkanda kwa shilingi 3,000. Chukueni ule wa zamani mwende nao dukani, na mkumbuke kwamba wa zamani umekwisha kurefuka. Mpya uwe mfupi kidogo, kama sehemu moja katika ishirini. Ukiwa mfupi kupita hapo utaivuta mota pembeni na kuiua.

Kabla ya kuuvisha, puli zote mbili zisafishwe kwa pamba yenye spiriti, kwa kuwa mkanda mpya juu ya puli yenye mafuta utateleza kama ule wa kwanza. Nasema spiriti ya duka la dawa. Nimewahi kuona redio iliyosafishwa kwa waragi, na sisi tuliokuwapo tulikubaliana kwamba afadhali waragi ule ungalinywewa, kwani uliacha utando wa kunata kwenye lenzi.

Jambo moja zaidi, ambalo nadhani limeshinda mafundi wengi kuliko mengine yote. Msiing'oe giya yoyote kama hapana haja. Giya hizi zimepangwa kwa mpangilio maalumu, na nyingi zina alama ndogo, mshale au kitundu, ambazo sharti zitazamane droo ikiwa mahali fulani. Jino moja likikosea, kiunzi kitainuka wakati sinia lingali linazunguka, au droo itafunga na kufungua yenyewe usiku kucha. Mwenye redio huambiwa kompyuta ya ndani imeharibika. Haikuharibika, imeambiwa uongo na giya. Ikiwa ni lazima giya itoke, wekeni nukta kwa kalamu ya wino pale meno mawili yanapokutana, mpige picha, ndipo muitoe. Grisi iwe chembe tu, nyeupe, ya kufaa plastiki. Si ile nyeusi ya baiskeli, ambayo hukusanya vumbi.

Nikiwa nimetaja baiskeli, niseme pia kwamba redio nyingi za mpakani huumizwa na safari. Neno bodaboda lilizaliwa huku kwetu, enzi za baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, na hadi leo redio hufungwa nyuma ya pikipiki kupelekwa kwenye arusi au matangani upande wa pili wa mpaka, sidii zikiwa ndani. Kila shimo barabarani ni nafasi ya sidii kuponyoka. Toeni sidii zote kabla redio haijainuliwa kutoka mezani. Na sidii za kurekodiwa nyumbani msizibandike karatasi tena. Andikeni jina kwa kalamu yenye ncha laini, karibu na katikati.

Redio ya mama sasa hufungua na kufunga. Lakini sidii ya arusi haikurudi humo. Sidii za kurekodiwa hutegemea rangi maalumu ambayo hufifia kwa jua na joto, na ile ya mwaka 2008 imekwisha kuishi miaka mingi kwenye nyumba ya bati. Tuliipeleka kwenye duka moja la kompyuta mjini. Kijana wa pale alitaka kwanza kuibandua karatasi ili isikwame. Nilimzuia mkono. Nikamwomba pia aisome kwa mwendo wa chini kabisa, kwa kuwa kompyuta huzungusha sidii kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko redio, na karatasi iliyokwisha kukatwa pembe huifanya iyumbe. Mahali pawili ilisita, tukashika roho, ikaendelea. Ilichukua dakika arobaini.

Sauti imetiwa kwenye flashi mbili na katika simu za watoto wote, pamoja na yule binti aliyeolewa siku ile, ambaye sasa yuko Tororo. Wasomaji ambao mtambo wao hautengenezeki wajue kwamba nyuma ya redio nyingi mna tundu lililoandikwa AUX. Waya mmoja kutoka kwenye simu wapita hapo, na spika zile zile nzuri zitaimba bila droo kufunguka hata mara moja. Ndivyo tulivyomsikiliza mzee jioni ile. Mama alituomba tusimame anapoanza kusema, tukasimama.

Waya wa pasi ya umeme tutautazama juma lijalo.